Chikungunya ama O'nyong-nyong? Damu Yako Inakumbuka Ukoo, Si Jina

Ukishikwa na homa Kenya hii, majibu ni mawili: malaria ama taifodi. Kabla hata hujaketi, jirani ameshakupa jibu, mama mboga amelipigia muhuri, na binamu ametuma jina la dawa kwa WhatsApp. Viungo vinauma? Malaria hiyo. Huwezi kufunga kifungo cha shati juu vidole vimekataa kukunjika? Malaria imezidi. Kipimo kikisema huna malaria? Basi ni taifodi, ama malaria "imejificha kwa damu."

Leo nataka tuongee kuhusu homa mbili ambazo hazina nafasi kwenye hiyo orodha, na bado zimepita kwa babu na nyanya zetu, na moja yao imepita Lamu, Mombasa na Mandera wengi wetu tukiwa hai. Zinaitwa chikungunya na o'nyong-nyong. Zote zinaletwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Zote zinakuja na homa, vipele, na maumivu ya viungo ya kumfanya kijana atembee kama mzee wa miaka tisini. Zote mbili zilitambuliwa mara ya kwanza hapa Afrika Mashariki, na majina yao ni ya lugha zetu. Na zimefanana kiasi kwamba hata damu ya mtu aliyepona inaweza kuzichanganya.

Msimamo wangu nautoa mapema ndio usisome ukingoja. Shida yetu na homa si uhaba wa vipimo peke yake. Ni kwamba tunauliza nusu ya swali. Tunauliza, "Iko ama haiko?" Swali zima ni, "Umelinganisha na nani?" Kuna watu walijifunza hilo swali kwa jasho, miaka ya hamsini na sitini, na walijifunzia kwetu.

Unguja, 1870: jina bila damu

Twende Unguja kwanza. Mwaka wa 1870 mji uliugua. Mtu anaamka mzima, baadaye hawezi kusimama. Watu wa pwani walikuwa na jina la ugonjwa wenyewe: kidinga pepo. Daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, aliuandika, na akaandika pia kwamba watu wazima walikumbuka mlipuko mwingine kama huo miaka mingi nyuma, karibu 1823.

Leo ukisema kidingapopo, kila mtu anajua unamaanisha dengue. Kuna hata wataalamu wanaoamini neno dengue lenyewe lilianzia kwa hilo jina la Kiswahili, likavuka bahari mpaka visiwa vya Karibiani, wasemaji wa Kihispania wakaligeuza ulimini. Pwani yetu ikaipa dunia neno.

Lakini ngoja. Mwaka wa 1971 mtafiti mmoja, Donald Carey, alirudi kusoma yale maelezo ya zamani akaona kitu. Wagonjwa wa Unguja hawakuuma viungo siku tano wakasahau. Maumivu yalibaki baada ya homa kuisha, yakaenda yakirudi. Dengue kwa kawaida haina tabia hiyo. Chikungunya ndiyo iko nayo. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba ugonjwa uliobeba hilo jina Unguja haukuwa dengue. Ulikuwa chikungunya, na jina likaja kukaliwa na mwingine.

Mbona "inawezekana" na si "ndivyo"? Juu hakuna aliyeweka damu ya 1870 mahali. Tulibaki na maneno ya wagonjwa na macho ya daktari, na kwa hizi homa, macho hayatoshi.

Newala, 1952: damu inaanza kuongea

Ruka miaka themanini. Tuko kusini mwa Tanganyika, uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, 1952 kuingia 1953. Kijiji baada ya kijiji watu wanaanguka na homa ya ghafla na viungo vinavyouma vibaya. Wamakonde wakaupa ugonjwa jina kutokana na venye mgonjwa alivyoonekana: chikungunya, kutoka kitenzi chao cha kujikunja. Na hapa nisahihishe kitu kinachonikera: intaneti imejaa watu wanaosema hilo ni neno la Kiswahili. Sio. Ni Kimakonde. Wapewe haki yao.

Daktari Marion Robinson alieleza dalili za wagonjwa. W. H. R. Lumsden alifuatilia ugonjwa ulivyosambaa nyumba kwa nyumba, na akaona jambo la maana: uwanda ule ulikuwa na shida ya maji. Watu waliyateka mbali, wakayaweka ndani kwenye mitungi. Ndani ya mitungi hiyo alizaana mbu Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana.

Ukitazama wagonjwa tu, ungesema ni dengue. Kila kitu kilifanana. Lakini safari hii kulikuwa na maabara. R. W. Ross, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alipata virusi kwenye damu ya wagonjwa. Na hapo ndipo kingamwili zinaingia kwenye stori.

Kingamwili ni zile protini ambazo mwili wako huzitengeneza kupambana na mgeni aliyeingia. Mgeni akishaondoka, nyingine zinabaki zikizunguka kwa damu miaka na miaka, zikikumbuka sura yake. Kwa hivyo ukichukua seramu ya mtu aliyepona, yaani ule umajimaji wa manjano unaobaki damu ikishaganda, ukaichanganya na virusi, unaweza kuuliza: je, mnajuana?

Siku hizo waliuliza kwa kutumia panya wachanga. Virusi peke yake, panya anaugua ama anakufa. Virusi vilivyochanganywa na seramu ya aliyepona, panya anabaki salama, juu kingamwili zimevifunga mikono. Hiyo ni neutralizesheni. Kulikuwa na njia nyingine ya haraka. Virusi vingi vya mbu vina tabia ya kugandamanisha chembe nyekundu za damu ya bata bukini. Ukiweka seramu yenye kingamwili sahihi, chembe hazigandamani. Unasoma jibu kwa macho, chini ya kisahani.

Kwa kutumia njia hiyo, Jordi Casals, mzaliwa wa Catalonia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alifanya kitu ambacho mimi nakiona kama kupanga ukoo. Yeye na wenzake walichukua virusi vya mbu vya kila pembe ya dunia wakavipambanisha na seramu mbalimbali, wakaona vinajigawa. Mwaka wa 1954 waliweka wazi makundi mawili makubwa, A na B. Homa ya manjano, dengue na virusi vya West Nile viliangukia B. Chikungunya ikaangukia A.

Elewa maana yake. Homa mbili ambazo daktari kando ya kitanda hawezi kuzitofautisha, chikungunya na dengue, hata si ndugu. Ni kama watu wawili wanaofanana sura kwa bahati, mmoja wa Busia, mwingine wa Taveta. Kingamwili ziliona tofauti mara moja. Hadi hapo ungesema kesi imefungwa: pima damu, pata jina, nenda nyumbani.

Halafu ikaja Gulu.

Gulu, 1959: wakati damu ilisita

Mapema 1959, kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi, watu walianza kuanguka tena. Homa, vipele, tezi za shingo kuvimba, na viungo. Waacholi wakasema o'nyong-nyong, yaani kitu kinachovunja viungo. Ona hapo: Wamakonde walisema "kukunja," Waacholi wakasema "kuvunja." Ukisikiliza majina peke yake, ni ugonjwa mmoja wenye tafsiri mbili.

Na haukutulia. Ulivuka Uganda, ukaingia Kenya upande wa Ziwa Victoria, ukaingia Tanganyika. Kufikia 1962 watu kama milioni mbili walikuwa wameupata. Milioni mbili, enzi za barabara za vumbi. Haukujulikana kwa kuua, na labda ndio maana hatuukumbuki. Lakini fikiria shamba wakati wa kupanda, nyumba nzima haiwezi kushika jembe.

Kazi ikaangukia Entebbe tena. Hii taasisi ilianzishwa 1936 na Rockefeller Foundation ili kuchunguza homa ya manjano, na ndipo virusi vya West Nile, 1937, na Zika, 1947, vilipotambuliwa. Sasa hivi inaitwa Uganda Virus Research Institute. Timu iliyokuwa na Alexander Haddow, M. C. Williams na J. P. Woodall ikapata virusi kwenye damu ya wagonjwa. Hata panya wachanga walitoa ishara isiyo ya kawaida: mwanzoni wengi hawakufa, walidumaa na kunyonyoka manyoya.

Wakapima kingamwili. Kundi A. Sawa. Wakalinganisha na wanaukoo wa kundi A. Virusi vipya vikajuana sana, tena sana, na chikungunya.

Hapo ungefanya nini? Rahisi ni kusema, "Ni chikungunya imetembea kutoka Newala," ufunge faili. Dalili zinafanana, majina yanafanana, damu inasema wanajuana. Lakini kitu kimoja kilikataa kukaa sawa: mbu. Virusi vya Gulu vilipatikana kwa Anopheles funestus na Anopheles gambiae. Hao ni mbu wa malaria, wanaouma usiku, wanaozaana kwenye madimbwi na vinamasi, si kwenye mtungi wa nyumbani. Virusi vya mlipuko mkubwa kubebwa na Anopheles ni jambo la nadra sana. Chikungunya haikuwa hivyo.

Kwa hivyo wakarudi kwa damu na swali zuri zaidi. Si "mnajuana?" bali "mnajuana kiasi gani, na nani anamjua mwenzake zaidi?" Maabara za Entebbe, na ile ya J. S. Porterfield huko London iliyotumia seli zilizooteshwa kwenye visahani badala ya panya, zilipambanisha kila seramu na kila virusi, pande zote mbili. Na jibu lililotoka lilikuwa la ajabu: kujuana hakukuwa sawa.

Soja wa geti

Wacha nieleze kwa lugha ya ploti. Una masoja wawili. Soja wa kwanza aliwahi kusumbuliwa na chikungunya. Soja wa pili aliwahi kusumbuliwa na o'nyong-nyong. Hao wasumbufu ni ndugu.

Soja wa kwanza, aliyeijua chikungunya, akimwona yeyote kati ya hao ndugu, anafunga geti. Hatofautishi vizuri. Wote kwake ni "wale wale."

Soja wa pili, aliyeijua o'nyong-nyong, anamzuia o'nyong-nyong vizuri kabisa. Lakini chikungunya akija, anasita. Anamshuku, anamuuliza maswali, lakini hamzuii kwa nguvu ile ile.

Kwa maneno ya maabara: kingamwili za chikungunya hupambana na virusi vyote viwili karibu sawasawa, lakini kingamwili za o'nyong-nyong hupambana na chikungunya kwa udhaifu. Kufanana kwa upande mmoja. Na huo udhaifu ndio ufunguo, juu unakwambia kwamba hawa si mtu mmoja mwenye vitambulisho viwili. Wangekuwa mmoja, masoja wote wawili wangefanya kazi sawa.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Unachukua seramu, unaipunguza makali kwa maji ya chumvi: sehemu moja kwa 20, halafu 40, 80, 160, na kuendelea. Unaangalia ni wapi inaacha kuzuia virusi. Unafanya mara mbili, mara moja kwa kila ndugu. Tuseme, kwa mfano tu, mtu fulani anazuia o'nyong-nyong mpaka 1 kwa 640, lakini chikungunya anaishia 1 kwa 40. Tofauti ni mara kumi na sita. Huyo alipata o'nyong-nyong, hakuna ubishi mwingi. Mwingine anazuia chikungunya mpaka 1 kwa 320 na o'nyong-nyong mpaka 1 kwa 160. Tofauti ni mara mbili tu. Kanuni ambayo maabara nyingi hufuata kwa virusi vya mbu ni tofauti ya angalau mara nne. Huyu wa pili hajafika, na mtaalamu mwaminifu ataandika kwamba ni mmoja wa ukoo huu, na pengine alikutana na wote wawili.

Napenda sana hiyo sentensi ya mwisho. Ni kipimo kinachokubali kusema "hapa sijafika," na huo ni uaminifu ambao hatuuoni sana, si maabara, si siasa, si mtandaoni.

Miaka ya baadaye vifaa vilinoleka. Mwaka wa 1975 Georges Köhler na César Milstein walibuni njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja pekee, zinazotambua alama moja ndogo kwenye uso wa virusi. Ni kama kumfundisha soja asitazame sura nzima, atazame kovu moja tu juu ya jicho. Kufikia miaka ya tisini kingamwili za aina hiyo zilikuwa zimetumika kuwatenganisha hawa ndugu wawili. Kusoma jeni za virusi nako kulithibitisha: ni wawili, wa karibu, lakini kila mmoja ana njia yake.

Lamu, Kwale na sisi

Sasa rudi nyumbani. Mwaka wa 2004 Lamu ilipigwa na chikungunya. Ulikuwa wakati wa ukame, na watu waliweka maji majumbani ndio wasikauke. Unakumbuka mitungi ya Newala? Ni stori ile ile miaka hamsini baadaye, mbu yule yule. Watafiti walipopima kingamwili za watu wa kisiwa, walikadiria kwamba asilimia 75 walikuwa wameambukizwa. Watu watatu kati ya kila wanne. Baadaye mwaka huo ikafika Mombasa. Mwaka wa 2005 ikaingia Komoro, halafu kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi ya watu waliugua, na 2006 India, ambako zaidi ya watu milioni moja walishukiwa kuwa nayo. Virusi vilivyoonekana kwanza kwa kishindo kwenye kisiwa chetu vilienda kusumbua Bahari ya Hindi yote.

Na hapa kingamwili zina mpaka wao, tuuseme. Huko Réunion virusi vilibadilika sehemu ndogo sana, tofali moja kwenye protini ya uso wao, na badiliko hilo likawasaidia kusafiri na mbu mwingine, Aedes albopictus. Kipimo cha kawaida cha kingamwili kingekuambia "chikungunya" kabla na baada. Ili kuona tofali limebadilishwa ilibidi jeni zisomwe. Kila chombo kina kazi yake.

Lakini kuna mahali ambapo jeni hazikusaidii na kingamwili zinakusaidia: yaliyopita. Virusi vyenyewe vinakaa kwa damu siku chache. Kingamwili zinakaa miaka. Ukitaka kujua ni nini kilipita kijijini wakati hakuna aliyekuwa akiangalia, unauliza damu ya walio hai.

Watafiti walifanya hivyo Kwale, mwaka wa 2009, kwa watu zaidi ya 1,800. Kipimo cha kwanza, kile cha ELISA kinachoangalia kama kingamwili inashika virusi vya chikungunya, kilionyesha kama robo ya watu wana alama. Hapo mtu mwenye haraka angeandika kichwa cha habari: "Robo ya vijiji walipata chikungunya." Wao hawakuishia hapo. Walichukua baadhi ya zile sampuli wakazipambanisha na ndugu wote wawili kwa neutralizesheni. Na o'nyong-nyong ikajitokeza, ikiwa ndani ya watu, homa ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia hata kwa taarifa ya habari. Bila lile swali la pili, "umelinganisha na nani?", wote wangeandikwa chikungunya.

"Lakini si hazina dawa?"

Najua kuna mtu atauliza: kama zote hazina dawa maalum, unapumzika, unakunywa maji, unameza ya kutuliza maumivu, jina ni la nini? Swali halali. Nina majibu matatu.

La kwanza ni mbu. Kama ni o'nyong-nyong, adui anakuja usiku, na neti yako ina kazi. Kama ni chikungunya, adui anakuuma ukiwa umeketi mchana, na alizaliwa kwenye mtungi, tairi ama kopo nyuma ya nyumba. Ukikosea jina utamwaga pesa kwa neti huku mtungi uko wazi. Hata watu wa kata nzima wanaweza kupigana vita na mbu asiyehusika.

La pili ni dawa usizohitaji. Kila homa ikiitwa malaria ama taifodi, tunameza dawa za malaria na antibiotiki bure, na tunajua venye usugu wa dawa unatengenezwa. Tena, dengue ikiwa inawezekana, ushauri ni kukaa mbali na aspirini na ibuprofeni mpaka iondolewe, juu dengue inaweza kuleta kutokwa na damu. Huyo si mgonjwa wa kukisia. Ndio maana siku za kwanza za homa inafaa kupima virusi vyenyewe kwa PCR, kingamwili bado hazijaamka. Baada ya wiki hivi, kingamwili za mwanzo, IgM, zinaonekana. Zile za kudumu, IgG, zinaweza kuwa za mlipuko wa miaka kumi iliyopita, si homa ya leo. Kipimo kikisema "ndio," uliza ni ndio ya lini.

La tatu ni historia, na hili ndilo linaniuma. Wamakonde walitoa jina. Waacholi walitoa jina. Walitoa na damu pia, na kwenye vitabu yamebaki majina ya wanasayansi, si ya wale waliochomwa sindano. Kitu pekee tunachoweza kuwarudishia ni kuchukua kwa uzito kile damu yao ilifundisha. Na sisi tunafanya nini? Tumeketi juu ya miaka sitini ya maarifa yaliyotoka Newala na Gulu, kisha tunaambiana "ni malaria tu, itaisha."

Kwa hivyo ombi langu si gumu. Kaunti zetu, hasa za pwani, za ziwa na za kaskazini, zinapokusanya damu kuchunguza homa, zipime ndugu wote wawili, si mmoja. Matokeo yasisomwe kama ndio na hapana peke yake, yasomwe na tofauti. Na wewe unayesoma hii kwa simu, ukiwa na homa na kipimo cha malaria kikikataa, usikubali mazungumzo yaishe hapo. Muulize daktari: "Ni nini kingine kinachofanana na hii, na mmekipima?" Halafu ukitoka hospitali, pitia nyuma ya nyumba ufunike mtungi.